Skonzi za Bububu

Unguja hapalimwi ngano. Nazi zimejaa, mihogo na ndizi havikosekani, karafuu husafirishwa kwenda nje, lakini unga wa mkate ni nafaka iliyovuka bahari. Na bado kisiwa hiki kina ukoo mkubwa wa mikate: boflo la kula na maharage ya nazi au mishkaki, ajemi wa tanuri, mofa wa mtama, mkate wa ufuta unaotafutwa jioni za Ramadhani, mkate wa kumimina ambamo hata ngano haimo, ni mchele mtupu. Mingi kati ya hiyo watu huinunua. Skonzi nazo zinauzwa, ila anayezijua hasa ni yule aliyezila nyumbani kwao, zikiwa bado zimeshikana ubavu kwa ubavu kama zilivyotoka kwenye sufuria.

Bububu iko kilomita kama 10 kaskazini ya Mji Mkongwe. Chemchemi zake ndizo zilizoupa mji maji safi wakati Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alipovuta mfereji hadi mjini. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilitandika reli kutoka Ngome Kongwe hadi hapa. Reli haipo tena, na siku hizi abiria hupanda daladala namba 502 kutoka mjini. Kwa mwenye watoto wa skuli au kazi ya mjini, 502 ndiyo saa ya nyumba. Chai lazima inywewe kabla haijapita, na skonzi zimetengenezwa kwa haraka ya namna hiyo: unaipasua katikati, unatia yai la kukaanga lenye kitunguu na pilipili mboga, unaondoka nayo mkononi.

Haraka hiyo ya asubuhi hulipiwa usiku. Kwa nusu kilo ya unga, mpishi hutayarisha hamira kijiko kimoja na nusu cha chai, sukari vijiko vitatu vya kulia, chumvi kidogo, samli vijiko viwili, na tui la nazi kiasi cha kikombe na robo. Nazi hukunwa kwa mbuzi, huchujwa kwa kifumbu au chujio, na tui hupashwa hadi liwe vuguvugu tu. Hapo hakuna kipimajoto. Kidole kinatosha: kikivumilia tui bila kushtuka, hamira nayo itavumilia. Tui likichemka, hamira inakufa, na unga utalala mpaka asubuhi bila kujongea.

Kisha kunakuja kukanda, na hapa ndipo fundi hujulikana. Dakika za mwanzo unga hunata kila mahali, vidoleni, kwenye sinia, hadi kwenye bangili. Asiyezoea huongeza unga mkavu ili apate raha, na ameshaharibu: skonzi zitakuwa ngumu. Mzoefu huacha unate. Anausukuma kwa kiganja, anaukunja, anaugeuza, tena na tena, kwa robo saa au zaidi, mpaka wenyewe unaachana na sinia. Akichukua kipande na kukivuta kwa vidole, kinatanuka kama ngozi nyembamba inayopitisha mwanga. Maji na mkono vimeziunganisha protini mbili za ngano na kuwa utando mmoja, na utando huo ndio utakaoshika hewa inayotolewa na hamira. Masika, unga ukiwa umeshanyonya unyevu wa hewa, tui hupunguzwa vijiko viwili vitatu; kaskazi ikivuma na jua likiwa kali, huongezwa. Kipimo hicho hakimo kwenye daftari la mapishi.

Mafuta yaliyomo kwenye tui huzipaka protini hizo zisikazane mno, na ndiyo maana mkate wa tui unakuwa laini kuliko wa maji. Lakini kuna jambo jingine. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Nyumba ya Bububu ni nadra kupoa kiasi hicho, kwa hiyo skonzi iliyookwa usiku huamka laini. Mzanzibari aliyehamia London akifuata vipimo vilevile wakati wa baridi, atakuta mkate wake umekakamaa asubuhi, na huenda akamlaumu bure mwenye duka la unga. Ngano imetoka mbali, lakini ulaini wa skonzi hizi unatokana na nazi na joto la hapa.

Joto hilo husaidia hata kuumua. Kwenye nchi za baridi waokaji hutafuta pembe yenye joto. Hapa bakuli hufunikwa kwa kitambaa na kuwekwa popote, na kwa kawaida saa moja haifiki kabla unga haujawa maradufu. Hukandwa tena kidogo kutoa hewa, hukatwa madonge kumi na mawili, kila donge huviringwa chini ya kiganja mpaka juu pawe nyororo, kisha hupangwa kwenye sufuria iliyopakwa samli, yakiachiana nafasi ya upana wa kidole. Yakiumuka mara ya pili yanagusana, na kwa kuwa ubavu haupigwi na moto moja kwa moja, unabaki mweupe na laini.

Kwenye seredani, moto hugawanywa. Makaa machache huachwa chini, mengi hupaliwa juu ya mfuniko. Moto wa chini ukizidi, tako la skonzi linaungua kabla ya kati kuiva. Wa juu ukipungua, skonzi zinabaki na rangi ya unga. Mpishi hafunui ovyo. Husikiliza pua: harufu ya hamira hutangulia, kisha ya nazi, na inapoanza harufu ya sukari inayokaangika ndipo anapoinua mfuniko kwa koleo, makaa yakiwa bado juu yake, na kupaka samli haraka.

Mambo yanabadilika. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati unaotaka asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mitungi ya gesi imeshaingia jikoni kwa wengi. Oveni nyingi za gesi za nyumbani moto wake uko chini tu, hivyo aliyekulia kwenye kupalia makaa hulazimika kujifunza upya: treya ya skonzi hupandishwa ngazi ya juu, na treya tupu huwekwa chini yake kukinga moto. Faida ya oveni huonekana mkesha wa sikukuu. Seredani huoka sufuria moja kwa zamu. Oveni hubeba treya mbili kwa pamoja, na maagizo ya majirani humalizika mapema, mpishi akapata muda wa kupiga pasi nguo za watoto.