Gitaa la Pili: Kuufumua Wimbo wa Kilimambogo Ndani ya Kompyuta

Chukua wimbo wa Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, mmoja wa zile zilizotoka kwenye santuri ndogo za mizunguko 45, uupakie kwenye FL Studio au Ableton Live, kisha ujiulize swali moja: sasa hivi ni nani anayepiga, na ni nani aliyenyamaza? Kijana wa Machakos anayetaka kutengeneza muziki wa kielektroniki kwa kawaida huanzia kwingine. Hutafuta ngoma zenye kishindo, sauti za sinthesaiza za prodyuza fulani wa Lagos au Johannesburg, na vipimo vya ekwalaiza alivyoelekezwa na mtu. Anakusanya vifaa. Lakini muziki ni jinsi sehemu zinavyopeana nafasi, na njia bora ninayoijua ya kujifunza jambo hilo ni kuufumua wimbo wa mtu mwingine uzi kwa uzi, halafu kuushona upya mwenyewe.

Naipendekeza benga ya Kikamba, mtindo wa wimbo huo wa Kakai, kwa sababu za kifundi. Kakai, aliyezaliwa 1954 na kufariki 1987, aliimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili, akasikika mbali nje ya Ukambani. Peter Mwambi alikuwa na Kyanganga Boys. Onesmus Musyoki alikuwa na Kalambya Boys, waliowapigia Kalambya Sisters, kina dada wa “Katelina”. Bendi hizi zilikuwa na ala chache: magitaa mawili au matatu, besi, ngoma, waimbaji. Hakuna nyuzi arobaini za sauti zilizorundikwa ili kuficha udhaifu. Kila kinachosikika kimewekwa pale kwa kusudi, na sikio likishazoea linaweza kukitaja kwa jina.

Uti wa mtindo huu ni gitaa la pili. Gitaa la kwanza hushika kodi katika sauti za chini na za kati, likienda na mwimbaji. La pili hukaa juu, likipiga noti fupi za haraka zinazozunguka bila kukoma, na kazi yake ni kujaza mianya iliyoachwa na wenzake. Msikilizaji hudhani anasikia gitaa moja lenye vidole vingi. Hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea: huandika mlio wote kama mstari mmoja, wakaupa sinthesaiza moja, kisha wakashangaa mbona umekufa.

Kabla ya kuandika noti yoyote, shughulikia mwendo. Wimbo uliopigwa kwa mikono haukai kwenye mistari ya kompyuta. Mpigaji ngoma huongeza kasi kidogo gitaa likianza kuchachamaa, na mashine za kurekodia za enzi hizo nazo zilikuwa na mwendo wao. Programu itajitolea kuunyoosha wimbo ufuate mistari. Kataa. Fanya kinyume chake: weka alama mwanzoni mwa kila vipimo vinane, uiache mistari ya kompyuta ivutwe iufuate wimbo. Ukimaliza utakuwa na ramani ya mwendo inayoonyesha wapi bendi ilikimbia na wapi ilitulia, na ramani hiyo peke yake ni somo kwa mtu ambaye biti zake zote hukaa kwenye mapigo 120 tangu mwanzo hadi mwisho.

Sasa tenganisha magitaa. Uzi mwembamba wa gitaa ukipigwa wazi hutoa takriban hezi 330, na kwenye kipande cha kumi na mbili hutoa 659. Gitaa la pili hupenda kukaa huko juu. Kwa hiyo ukikata kila kitu chini ya hezi 500 hivi, besi na mzizi wa kodi hupungua sana, na noti za juu zinabaki zikining'inia pamoja na matoazi na ncha za sauti za waimbaji. Kisha pindua kichujio: kata juu, acha chini, usikilize besi. Uzi mnene wa besi hutoa karibu hezi 41, lakini redio ndogo nyingi hazifiki chini hivyo; mlio uliosikika nyumbani ulikuwa hasa ule wa hezi 82 na kuendelea. Ndiyo maana besi ya benga inatembea na kuzungumza badala ya kunguruma tu. Anayeweka besi ya kutikisa spika za matatu bila kuipa mlio wa kati atapoteza nusu ya wasikilizaji wake kwenye simu.

Kupunguza kasi kunahitaji uangalifu ambao wengi hawaambiwi. Kuna njia mbili. Ya kwanza hunyoosha muda bila kushusha noti. Inafaa kutambua noti, lakini inalainisha mguso wa kidole kwenye uzi, na mguso huo ndio unaokuambia noti imeanza lini hasa. Ya pili hupunguza kasi kama kanda ya zamani: kasi ikiwa nusu, noti zote hushuka oktava nzima, ila mguso unabaki mkali. Ukitafuta noti, tumia ya kwanza. Ukitafuta mahali noti ilipoangukia, tumia ya pili. Baada ya hapo chora visanduku kumi na sita kwa kila kipimo cha mapigo manne, mstari mmoja kwa kila ala, na ujaze kisanduku kimoja kimoja. Picha itajitokeza: visanduku vitupu vya gitaa la kwanza vingi vimejazwa kwenye mstari wa la pili, na besi imeacha mwanya pale ambapo sikio lilikuwa na hakika kwamba ilipiga.

Siku hizi zipo programu za akili bandia za kutenganisha sauti, kama Spleeter, iliyotolewa na kampuni ya Deezer mwaka 2019, na Demucs. Zitumie, lakini jua zinachokupa. Kwa kawaida hugawa wimbo katika mafungu manne: sauti ya mwimbaji, ngoma, besi na mengineyo. Magitaa yote ya Kilimambogo yataangukia kwenye mengineyo. Hata toleo lenye fungu la gitaa huyaweka yote pamoja. Uhusiano ule unaoutafuta, wa gitaa moja na jingine, mashine inakuachia wewe uutoe kwa sikio na kichujio.

Muziki wa kielektroniki wenyewe una mfano mashuhuri wa sehemu moja kujaza mianya ya nyingine. “I Feel Love” ya Donna Summer, iliyotoka 1977 chini ya Giorgio Moroder, ina besi ya sinthesaiza ya Moog inayoonekana kupiga bila kupumua. Ukisikiliza upande mmoja wa spika peke yake, kisha wa pili, utagundua kwamba noti zilizopigwa ni nusu tu. Nusu nyingine ni mwangwi uliocheleweshwa na kutupwa upande wa pili. Kwa wimbo wa mapigo 120, ucheleweshaji wa aina hiyo ni milisekunde 125 kamili, yaani kisanduku kimoja kati ya vile kumi na sita. Kifaa kimoja kimefanya kazi ya gitaa la pili. Mbinu ya kutenganisha pande mbili haitakufaa kwenye santuri nyingi za zamani za hapa kwetu zilizorekodiwa kwa njia moja, lakini ukishaielewa “I Feel Love” utaona kwamba Moroder huko Munich na wapiga gitaa wa Ukambani walikuwa wakijaza mianya ileile.

Ukitoka kwenye kipimo kimoja, tazama wimbo mzima. Upande mmoja wa santuri ya mizunguko 45 ulibeba dakika nne hivi, kwa hiyo nyimbo nyingi za benga zilikatwa sehemu ya kwanza na ya pili. Kuimba hutangulia, baadaye sauti hunyamaza na magitaa hushika uwanja kwa ajili ya wachezaji. Andika majina ya ala upande wa kushoto wa karatasi, dakika ziende kulia, upake rangi pale kila ala inapolia. Jambo litakalokushangaza ni uchache wa mabadiliko. Mara nyingi ni ala moja tu inayobadilika huku nyingine zikishikilia palepale, na mchezaji anahisi wimbo mzima umeinuka. Prodyuza chipukizi hubadilisha vitu vitano kwa pamoja kila baada ya vipimo vinane na hakuna anayehisi chochote.

Kisha ujenge upya. Usitumie sauti za gitaa. Tumia mlio wowote mfupi wa sinthesaiza, ili ujue kama muundo unasimama bila kutegemea utamu wa ala. Linganisha nakala yako na wimbo wa asili kwa kuruka kati yao, ila kwanza sawazisha ukubwa wa sauti, kwa sababu sikio huuona wenye sauti kubwa kuwa bora hata kama ni mbovu. Pale nakala inapolegea pana kitu ulichoandika vibaya. Rudi kwenye visanduku. Kwa maoni yangu hatua hii ndiyo yenye thamani kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Dar es Salaam wamekwenda njia nyingine. Watengenezaji wa singeli walichukua vipande vya taarab na mchiriku, wakavizungusha na kuvipandisha kasi hadi zaidi ya mapigo 200 kwa dakika. Santuri ya “Sounds of Sisso”, iliyotolewa 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, inaonyesha kazi ya studio ya Sisso huko Mburahati. Wao walijifunza kwa kukata rekodi yenyewe, na matokeo yake ni muziki ambao hakuna aliyekuwa nao kabla yao.

Kwa anayetaka kuuza kazi yake Kenya, tofauti ya njia hizo mbili ina uzito wa kisheria. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 huulinda utunzi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki, na rekodi yenyewe kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Tungo za Kakai basi zinalindwa hadi mwisho wa 2037, hata pale rekodi fulani itakapokuwa imetoka kwenye ulinzi. Nakala uliyoijenga kwa ajili ya kujifunza ibaki mazoezi. Fungua faili mpya, beba ramani ya mwendo na mpangilio wa nani ananyamaza lini, uache noti za wenyewe, uandike zako. Anza na visanduku vitupu vya gitaa la kwanza.