Kioo cha Kulia Hakifanani na Mwenzake

Vioo viwili vya pembeni vilivyo sawa kwa kila kitu kwenye Mercedes W124 ni kazi mbovu. Sijali rangi imeng'aa namna gani. Juzijuzi hapa Gatsata, 300CE nyeusi ya milango miwili ilitoka gereji ikiwa imebadilishwa vioo, na watu wanaojiita wapenzi wa magari ya zamani wakaizunguka wakipapasa na kupiga picha. "Patroni, fundi wako ana mkono," mmoja akamwambia mwenye gari. "Tazama, kushoto na kulia sawasawa kabisa." Wengine wakaitikia. Mwenye gari akafurahi, akamwongezea fundi hela juu ya makubaliano. Hakuna hata mmoja aliyefungua mlango akakaa kwenye kiti cha dereva, na kioo cha pembeni hakina sehemu nyingine ya kupimiwa.

Gari hilo lina historia, na anayeligusa anapaswa kuijua. W124 ilitoka Ujerumani mwishoni mwa 1984, ile ya milango miwili ikafuata 1987, wakati Bruno Sacco akiwa mkuu wa usanifu pale Mercedes. Tangu siku ya kwanza ilipewa retrovizeri, yaani vioo vya pembeni, za maumbo mawili. Ya upande wa dereva ni pana na imelala. Ya upande wa abiria imepunguzwa upana, imesimama, inakaribia mraba. 190E, ndugu yake mdogo aliyetangulia mwaka 1982, nayo ni vivyo hivyo. Asiyejua akiiona hudhani gari liliwahi kugongwa ubavuni, mwenyewe akakosa kipuri sahihi, akabandika alichopata. Basi anakwenda "kusahihisha" kitu ambacho wahandisi wa Stuttgart walikifikiria kwa makusudi.

Fikiria unavyokaa. Kioo cha kushoto kiko karibu na bega lako. Cha kulia kiko ng'ambo ya gari zima, na jicho lako linakifikia kwa mshazari mkali zaidi. Ili kikuonyeshe barabara ya nyuma, uso wake lazima ugeuzwe kukuelekea wewe zaidi kuliko ule wa kushoto. Kwa umbali huo, kinachosaidia ni uso uliobinuka, unaokusanya eneo kubwa kwenye kioo kidogo; kuongeza upana ni kuongeza tu ubao wa kupigana na upepo, na W124 ni gari lililochongwa kwa ajili ya upepo. Kwa hiyo kasha likapunguzwa na mgeuko ukaongezwa. Hata namna ya kuvirekebisha hutofautiana: katika nyingi za W124 na 190E za kawaida, kioo cha dereva kina kijiti kilichotokeza ndani ya mlango, na cha abiria kina mota ya umeme, maana mkono wa dereva haufiki kule. Nimewahi kuona mtu akilalamika kwamba ameuziwa gari lenye "kioo kimoja cha bei rahisi" kwa sababu ya kijiti hicho. Alikuwa ameshika kitu halisi mkononi na hakujua.

Sasa kioo kipana cha kulia kinatoka wapi? Kinatoka kwa majirani. Sisi Rwanda tunapita mkono wa kulia na usukani uko kushoto. Uganda, Kenya na Tanzania wanapita kushoto, usukani kulia, kwa hiyo retrovizeri yao pana, ya dereva, ndiyo ya kulia. Gatsata iko kwenye njia ya kwenda mpaka wa Gatuna, na mzigo wa vipuri vilivyotumika kutoka Kampala unafika bila taabu. Fundi mwenye haraka anaagiza kioo cha kulia, analetewa cha kulia chenye mota, anakishika kwenye ile pembetatu ya kona ya dirisha, skrubu zinaingia, soketi inaingia, mota inalia. Kwake kazi imekwisha. Umbo la nje linakubali kabisa, na ndiyo maana kosa hili linapita mbele ya macho ya watu mia moja.

Linakamatwa na pengo.

Kaa kwenye kiti cha dereva, kiti kikiwa pale unapokiweka siku zote, mgongo ukiwa umeegemea. Rekebisha kioo cha kulia hadi uone ukingo mwembamba wa ubavu wa gari lako upande wa ndani, barabara ikichukua sehemu iliyobaki. Ukisharidhika, usiguse tena swichi. Shuka, zunguka, simama mbele ya kioo hicho, na utazame nafasi iliyopo kati ya kioo na mdomo wa kasha: juu, chini, upande wa ndani, upande wa nje. Kioo cha upande wake sahihi, kikiwa kimerekebishwa kwa dereva wake, hukaa kasha likikizunguka karibu sawa. Ukingo wake unakwenda sambamba na mdomo wa kasha, kivuli ni kimoja. Kioo cha usukani wa kulia kilicholazimishwa kumtumikia dereva wa kushoto hukaa kimepinda. Ukingo wa ndani umezama kwenye giza la kasha, wa nje umechomoza hadi unaweza kukukata kidole. Mota imefika mwisho wa safari yake na inagonga tik-tik-tik ukiibonyeza tena. Na hata hapo mara nyingi bado hukioni kile unachopaswa kukiona. Dereva anajifunza kuinamisha kichwa kuelekea katikati ya gari kila anapotaka kuhamia kulia, na baada ya mwezi anaamini ndivyo magari ya zamani yalivyo.

Mtu asiyejua hulikosa pengo kwa sababu moja. Anatazama vioo vikiwa vimewekwa katikati, vile fundi alivyoviacha ili vipendeze vikitazamwa kutoka mbele. Katika hali hiyo kila kioo kina pengo zuri, hata cha lori. Ndiyo maana nasema kazi hii haipimwi ukiwa umesimama nje. Gari zima laweza kukaguliwa ukiwa umesimama. Vioo vinakaguliwa na dereva aliyekaa, kisha aliyeshuka, kwa mpangilio huo.

Niliyejifunza kwake alikuwa mzee wa Bukavu, aliyefanya kazi kule bondeni karibu na mto Nyabugogo, enzi ambazo gereji zilikuwa bado kwenye ardhi oevu kabla ya kuondolewa. Hakuwa na mabati mazuri wala sakafu ya saruji. Alikuwa na kiti kimoja cha plastiki ambacho hakukikalia. Mteja akileta gari la kubadilishwa kioo, mzee hakumruhusu aende kunywa chai. "Papa, panda kwanza," alimwambia. Alitaka kujua urefu wa mtu, namna anavyokaa, kama anavaa miwani. Alifunga kioo, akamwambia mteja arekebishe mwenyewe, kisha akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye pengo, pande zote nne, amefumba macho. Nilimwona akikataa kioo kipya, kilichotoka kwenye boksi, kwa sababu upande wa chini ukucha uliingia na wa juu haukuingia. Mteja alimsihi: "Mzee, mimi naona vizuri tu." Akajibiwa, "Leo unaona. Kesho mvua itanyesha usiku, utaniambia." Akakitoa.

Wadanganyifu nao nimewajua. Wa kawaida kuliko wote ni mkata vioo. Anachukua kioo bapa, cha aina ile ile inayotundikwa ukutani, anakikata kufuata umbo la kasha, anakibandika kwa silikoni juu ya bamba la zamani. Kikiwa kipya kinang'aa kuliko cha kiwandani, na mteja anashangilia. Kifunue kwa ukucha: gusa uso wa kioo kwa ncha ya ukucha wako. Vioo vingi vya magari ya zama zile vimepakwa kromiamu kwa mbele, kwa hiyo ncha ya ukucha na taswira yake hukutana. Cha ukutani kimepakwa nyuma, na kati ya ukucha na taswira utaona nafasi ya unene wa kioo. Usiku taa za gari la nyuma zitajitokeza mara mbili, moja kali na moja hafifu pembeni yake. Na kwa kuwa ni bapa, upande wa abiria utakuonyesha kipande kidogo tu cha barabara. Pikipiki inayopanda kutoka Nyabugogo haitakuwemo.

Angalia pia alama. Kioo cha soko la Ulaya kina duara lenye herufi E na namba ya nchi iliyokiidhinisha: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia, 6 Ubelgiji. Kile cha gari lililouzwa Marekani utakikuta na onyo la Kiingereza kwamba vitu viko karibu kuliko vinavyoonekana, kwa sababu sheria yao inataka cha dereva kiwe bapa na onyo liandikwe kwenye cha abiria kilichobinuka. Onyo hilo likiwa upande wa dereva, jua kuna mtu amekwisha kuchanganya. Ukiona mikwaruzo laini ya kusugua kwenye pembe ya chini, achana nacho kabisa. Dar es Salaam na Nairobi watu huchora namba za magari yao kwenye vioo ili visiibwe, na msasa hauachi uso kama ulivyokuwa. Fundi anayekununulia kioo cha namna hiyo atakinunua na chako siku moja.

Kuhusu kasha nina masharti yangu na siyapunguzi. Kasha lipakwe rangi likiwa mezani, limevuliwa raba, halijakaribia gari. Rangi ikionekana kwenye raba, hata kama ni chembe, fundi huyo alizungushia gazeti na kupuliza, na ndivyo alivyofanya sehemu nyingine zote usizoziona. Kromu ya kubandika juu ya kasha la W124 haikubaliki. Skrubu mpya zinazometameta kwenye gari la 1989 hazikubaliki. Zisafishwe za zamani. Plastiki nyeusi iliyopauka kwa jua iachwe ipauke kidogo. Wale wanaoipaka dizeli au rangi ya viatu wanainunulia siku tatu za ujana, na mvua ya kwanza inashusha michirizi kwenye mlango.

Raba ya chini ya kasha inastahili neno, ingawa fupi. Ikichoka, maji yanaingia kwenye mlango na upepo unapiga mluzi ukifika kwenye mteremko wa barabara ya Musanze. Inabadilishwa. Haijazwi silikoni. Mercedes bado wana kitengo cha magari ya kale pale Fellbach kinachohudumia vipuri vya namna hii, na anayesema hazipatikani hajauliza. Waya nazo zirudi kwenye soketi yake. Zikisokotwa na kufungwa utepe, hiyo ni kazi ya kibanda cha redio.

Zamani jicho la watu lilikuwa kali zaidi, nami nina imani na hilo. Magari ya Kijapani yalikuja na vioo vimesimama juu ya bodi ya mbele, kwa sababu hadi 1983 sheria ya kwao haikukubali vioo vya mlangoni, na kila kijana wa gereji alijua kwa nini. Peugeot 504 ilipoletwa, mafundi walibishana mchana mzima juu ya pembe ya kioo kimoja, kwa kuwa zingine zilikuwa na kimoja tu na hicho kilipaswa kutosha. Leo kijana anaweza kukutajia bei ya kioo huko Sharjah kabla hujamaliza kuuliza, lakini hajui kimekaa upande gani wa dereva.

Kioo sahihi kipo, kinahitaji subira. Kitafutwe palipo na W124 za usukani wa kushoto: kontena za kutoka Antwerp, au Bujumbura, Goma na Bukavu, ambako wanapita kulia kama sisi na Mercedes za miaka ile hazijaisha. Mwambie muuzaji akutumie picha ya kioo kimelazwa kifudifudi mezani, rula pembeni yake, upate kuhakikisha upana uliopunguzwa wa kile cha abiria kabla hujatuma hela. Yaweza kuchukua miezi. Yule mzee alikuwa tayari kumwacha mteja aondoke na kasha lililopasuka, limefungwa utepe mweusi, aendeshe hivyo hadi cha kweli kifike, kuliko kumwekea la Kampala likapita kontrole na kusifiwa barabarani. Mteja alikasirika, mara nyingine alikwenda kwa fundi wa pili. Hata mimi sasa nawaambia hivyo hivyo, na wengine wanakwenda kwa fundi wa pili.