Mie Si Mlango

Nina shilingi 18,000, kamera ya kuazima na siku tano. Kwa mtu anayeishi kwa kuandikia watu maneno ya tovuti zao na kulipwa kwa kila neno, hiyo ni bahati ya mwaka mzima. Nataka kwenda Pwani peke yangu, nipige picha, nirudi na kitu ambacho sitakionea aibu. Swali ni moja tu: niende wapi?

Binamu yangu hakufikiria hata sekunde mbili. "Enda Lamu," akasema. "Lamu haiwezi kukuangusha. Hata ukifunga macho upige, inatoka fiti."

Nimekaa na hayo maneno wiki mbili, na naona ndiyo yaliyonitoa Lamu. Mahali ambapo picha inatoka fiti hata ukifunga macho ni mahali ambapo picha ilishapigwa zamani. Wewe unaenda tu kuichukua, kama mzigo ofisi ya basi.

Fungua simu utafute picha za Lamu. Mlango wa mbao uliochongwa. Punda. Paka amelala barazani. Jahazi limetweka tanga, nyuma yake jua jekundu. Mwanamke wa buibui, amepigwa kwa nyuma, anapotelea kichochoroni. Halafu mlango mwingine. Sisemi ni vitu vibaya. Mji wa Kale wa Lamu uliingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na ile milango ni kazi ya mafundi wa kweli. Lakini picha haisomwi kwa kilichomo tu, inasomwa pia kwa kilichokatwa. Nyaya za umeme zimekatwa. Jerikani za maji zimekatwa. Vijana wa rika langu, wameinamia simu zao kama mimi Nairobi, wamekatwa. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa 2021, bandari ya meli kubwa za makontena, na kwenye hizo picha huoni hata kivuli chake. Ile picha inataka Lamu isiamke.

Na hilo jua jekundu, tuliongelee kidogo. Pwani ya Kenya inatazama mashariki. Jua letu linatoka baharini na kuzama bara. Ukisimama ufukweni Diani au Watamu saa kumi na mbili jioni, jua liko mgongoni kwako, nyuma ya minazi na mahoteli. Kulipata juu ya maji lazima uingie kwenye hori kama Kilifi au Mida, au kwenye mlangobahari kama ule wa Lamu. Sasa mtu akikuuzia jua linazama kwenye bahari kuu na kuandika "Pwani ya Kenya", basi picha ni ya alfajiri, au ilipigwa kwingine, labda Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao kweli unatazama magharibi. Ni kosa dogo, lakini linaonyesha kwamba tumeizoea picha kuliko mahali penyewe.

Chaguo langu la pili lilikuwa Watamu na magofu ya Gede. Gede ilikuwa na mvuto wake, na si kwa sababu tu nayo iliingia orodha ya UNESCO mwaka 2024. Ni mji wa mawe ulioachwa katikati ya msitu: misikiti, visima, kuta zilizoshikwa na mizizi. Nikajiambia, hapa nitapiga picha kwa amani. Mawe hayalalamiki.

Hapo ndipo nilipojikamata. Kwa nini nilikuwa natafuta mahali pasipo na mtu wa kulalamika?

Mwaka 2023, muhula wangu wa mwisho kabla sijaacha chuo (ada ilinishinda, na kusema ukweli moyo pia), nilikuwa Mombasa, Mji wa Kale. Bibi mmoja alikuwa ameketi kizingitini, ana uteo wa mchele mapajani, anachambua. Mwanga ulikuwa unaingia kwa upande, unamgusa shavu na mkono. Sikutoa salamu. Niliinua kamera nikapiga mara tatu. Kwa ile ya tatu alikuwa ameshavuta kanga usoni. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwanangu, mie si mlango."

Nikasema samahani bibi, nikaenda zangu. Usiku nikaiposti ile ya pili, ambayo uso ulikuwa bado wazi.

Sijawahi kuposti kitu kikapendwa vile. Ukurasa mmoja wa mambo ya safari ukaniomba ruhusa na kunitumia shilingi 3,000, pesa yangu ya kwanza kabisa ya picha. Nililipa deni la chakula. Watu waliandika chini yake kwamba ni uzuri usio na wakati. Wakati ulikuwepo. Ilikuwa saa tano asubuhi na yule bibi alikuwa anatayarisha chakula cha mchana. Mwaka uliofuata niliifuta kwangu, lakini ilishasambaa. Bado nakutana nayo kwenye kurasa za watu nisiowajua, haina jina langu, na la kwake sikuwahi kuuliza.

Kwa hiyo nilipoanza kuchagua pa kwenda, nilikuwa natafuta mfano wa mtu aliyewahi kufanya kazi hii Pwani bila kumgeuza mwenzake mlango. Rafiki yangu ambaye bado ni mwanafunzi alinitolea kwenye maktaba kitabu cha mtafiti wa Ujerumani, Heike Behrend, kinachoitwa *Contesting Visibility*, cha 2013. Kinaeleza historia ya upigaji picha kwenye Pwani yetu, na ndani yake kuna Pwani ambayo hakuna wakala wa safari aliyewahi kunionyesha.

Kuna N. V. Parekh, aliyekuwa na studio Mombasa kuanzia miaka ya 1940. Watu waliingia kwake na nguo zao bora: maharusi, marafiki wawili walioshikana mikono, vijana waliovaa kama waigizaji wa sinema. Kuna Omar Said Bakor wa Lamu, Lamu hiyo hiyo ya milango, aliyefungua studio miaka ya 1960. Yeye alikata picha, akazibandika na kuziunganisha, akawaweka wateja wake mahali ambapo mwili hauwezi kufika. Kwake Lamu haikuwa mji uliolala, ilikuwa mahali ambapo mtu anaweza kuota akiwa macho.

Na kuna wapiga picha wa kivuko cha Likoni. Hawa ndio walionishika. Mapema miaka ya 1990, vijana wengi wao wakiwa wa kutoka bara walijenga vibanda karibu na feri, wakatundika mapazia yaliyochorwa meli na ndege, wakapamba kwa maua ya plastiki. Mteja naye alikuwa mtu kama wao, mfanyakazi au msafiri aliyefika Mombasa kutafuta maisha. Alisimama mbele ya meli ambayo hatawahi kuipanda, akalipia, akaituma nyumbani. Agosti 1997 zilizuka vurugu za Likoni zilizowalenga watu wa bara. Sasa ziangalie tena zile picha za vibanda ukijua hivyo. Yule kijana aliyesimama wima mbele ya ndege ya rangi anawaambia watu wa kwao: nipo, nimefika, nina mahali.

Unaweza kuniambia kwamba hizo nazo ni picha za uongo. Meli ya rangi ni ya kweli kuliko jua la kadi ya posta? Hapana. Lakini jiulize ndoto ni ya nani. Kwenye kibanda cha Likoni, aliyesimama mbele ya kamera ndiye aliyechagua pazia. Kwenye picha yangu ya Mji wa Kale, nilichagua mimi, na bibi alipojaribu kuchagua kwa kuvuta kanga, nikatumia fremu ya kabla yake.

Nilidhani pia tatizo langu ni kuwa mtu wa bara, mgeni na kamera. Wale wa Likoni walinitolea hicho kisingizio. Walikuwa wageni pia. Tofauti ni kwamba walikaa. Mteja alijua pa kuwapata kesho picha ikitoka mbaya. Tena kitabu hicho hicho kinaonyesha kwamba kukataa picha ni sehemu ya historia ya Pwani, hasa kwa wanawake, ambao kuonekana kwao ni jambo la heshima na la kujadiliwa. Kanga ile usoni ilikuwa jibu, na lilikuwa na historia ndefu kuliko kamera yangu.

Basi kipimo changu cha kuchagua kimebadilika. Siulizi tena wapi kuna mwanga mzuri, maana mwanga mzuri uko kila mahali saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nauliza: ni wapi nitaweza kurudi kesho yake?

Kwa shilingi 18,000, Lamu ningefika nikiwa nimemaliza hela na siku barabarani. Gede hakuna wa kurudia. Nimechagua Likoni. Treni ni 1,500 kwenda na 1,500 kurudi, na kuvuka kwa miguu kwenye feri ni bure. Sitarajii kukuta yale mapazia. Siku hizi kila mtu ana studio mfukoni, na pengine hakuna atakayenihitaji. Lakini nitakaa sehemu moja siku tano. Nitakayempiga atachagua asimame wapi na nyuma yake kuwe na nini, hata kama ni matatu. Jioni nitachapisha mjini, kesho yake nirudishe. Asiyetaka, basi. Nikirudi na picha sita tu, ni sita.

Ule mtaa wa Mji wa Kale nitaupita pia, kamera ikiwa ndani ya begi. Bibi nikimkuta nitaanza na shikamoo, halafu nimweleze habari ya zile 3,000. Sijui atasema nini. Anaweza kunifukuza, na atakuwa sawa.

Binamu yangu anasema nimepoteza pesa, kwamba Likoni ni jasho na msongamano tu. Nimeshakata tiketi ya Jumanne.