Kurusha PDF za vitabu ni wizi, tusiupambe kwa maneno matamu

JUZI katika kundi la WhatsApp la walimu wa Kiswahili, mmoja wetu aliomba: “Wakuu, nani ana softi kopi ya riwaya teule? Nirushieni tafadhali.” Hazikupita dakika tano kabla ya kiungo kuwekwa. Shukrani zikamiminika: “Ubarikiwe mwalimu!”, “Mungu akuzidishie!”

Hakuna aliyeuliza iwapo mwandishi naye amebarikiwa. Mimi pia nilinyamaza, na kimya hicho ndicho kinachonisukuma kuandika leo.

Hebu tazama maneno tunayoyatumia. Kitabu “kinarushwa”, “kinashushwa”, “kinasambazwa”. Hatusemi kimeibwa. Kiswahili kina neno wazi la tendo hili, yaani uharamia, lakini tumewaachia wateka meli wa pwani ya Somalia. Inasikitisha zaidi kwamba wanaolikwepa ni sisi tunaojiita watetezi wa lugha.

Sheria ya Hakimiliki ya 2001 haina utata. Kazi ya fasihi inalindwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Marehemu Ken Walibora alituaga Aprili 2020. Kwa hivyo riwaya yake ya Siku Njema, iliyotoka 1996, bado itakuwa na mwenyewe hadi mwisho wa 2070. Mrabaha wake ni haki ya aliowaacha.

Najua nitaambiwa vitabu ni ghali, na mwanafunzi wa kijijini atasoma nini? Hoja hiyo ina uzito, ila haimhusu mwalimu mwenye mshahara anayetaka kila kitu cha bure. Aidha, sheria yenyewe inaruhusu kunukuu sehemu ya kazi kwa ajili ya utafiti au uhakiki, mradi umtaje mwandishi. Inachokataa ni kukipiga skani kitabu kizima, jalada hadi jalada, kisha kukimwaga mtandaoni.

Tena, anayedhani amepata cha bure hudanganyika. Tovuti nyingi za kuhifadhia faili hukupokea kwa vitufe vitatu au vinne vya “Pakua”, na huenda kimoja tu ndicho cha kweli. Ukibofya kisicho chenyewe, unakaribisha virusi kwenye simu ile ile uliyoweka M-Pesa, mitihani na alama za wanafunzi.

Hata anayeweka huko kazi zake halali hana usalama. Mnamo Januari 2012, serikali ya Marekani iliifunga Megaupload, ghala la faili lililokuwa likijigamba kuwa na wageni milioni 50 kwa siku. Waendeshaji wake walishtakiwa kwa uharamia wa filamu na muziki. Lakini waliokuwa wamehifadhi humo picha za familia na kazi zao wenyewe walifungiwa nje pamoja na wezi. Mwanafunzi anayeweka nakala pekee ya tasnifu yake katika ghala la aina hiyo anafaa kujifunza hapo.

Kisha kuna madhara kwa taaluma yetu. Nimesahihisha kazi za wanafunzi ambamo nambari za kurasa hazilingani na kitabu chochote kilichochapishwa, na ambamo “ng’ombe” amepoteza kibainishi chake akawa “ngombe”. Mmoja alihakiki mwisho wa riwaya ambao hakuusoma, kwa kuwa PDF yake ilikosa kurasa za mwisho! Huo ni uhakiki gani?

Kila siku katika makongamano tunalalamika kwamba waandishi wa Kiswahili wamepungua, na kwamba wachapishaji hawataki kitabu kisichoteuliwa kutahiniwa. Watatakaje, ilhali nakala moja ikinunuliwa inasomwa na shule kumi?

Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Mwandishi alikesha, mhariri akasoma na kusoma tena, mpigachapa akalipia karatasi. Shule ikishindwa kununua nakala thelathini, inunue tano ziwekwe maktabani. Walimu watatu wanaweza kuchanga wakanunua nakala moja na kupokezana.

Nami mtu akiomba tena kurushiwa kitabu kundini, sitanyamaza. Nitamwelekeza dukani.