Nusu Haihami

Mkunjo wa kwanza hauna taabu. Mwalimu anachukua jani la ukindu, hili hili linalosukiwa mikeka majumbani Ruaruke, anakutanisha ncha kwa ncha, anabana kwa ukucha, analikunjua. Upande mmoja anaupaka mkaa. "Nimepaka kiasi gani?" Darasa zima linaitikia: "Nusu!" Analikunja tena, mara hii mara mbili, analikunjua. Vipande sasa vinne, na mkaa uko palepale. "Na sasa je?"

Hapo kelele zinakatika. Wengine wanahesabu kwa vidole, wengine wanamtazama usoni wakitafuta jibu machoni pake. Yeye hasemi kitu. Nimeona walimu wengi wakisomesha sehemu, na kwangu ustadi wote uko katika kunyamaza huku. Asiyekuwa na subira angekwisha kuandika ubaoni kanuni ya kitabu: zidisha kiasi na asili kwa namba ileile. Kanuni ni ya kweli, na mtoto ataishika kwa dakika tano na kujaza daftari vyema. Lakini muulize kati ya 1/2 na 2/4 ipi kubwa, atakwambia 2/4, kwa kuwa mbili inaipita moja na nne inaipita mbili. Si ujinga huo. Tangu darasa la kwanza namba zimemwambia kwamba kubwa ni nyingi, na hazijawahi kumdanganya. Leo anaambiwa tarakimu zimeongezeka na fungu limebaki vilevile. Ni jambo zito kumtaka mtoto alikubali kwa maneno matupu.

"Robo mbili," anasema msichana mmoja, polepole. "Mkaa umeongezeka?" "Haujaongezeka, Mwalimu. Imeongezeka mikunjo."

Mvulana mwenzake ameongeza moja juu na moja chini, nusu ikawa 2/3. Mwalimu hamwambii amekosa. Anampa majani mawili yaliyo sawa kwa urefu, moja apake nusu, la pili thuluthi mbili. Kukunja kwa thuluthi si kazi ndogo, lazima ncha zipishane ndipo vipande vilingane, na mtoto anarudia mpaka anapata. Anayalaza sambamba. "Hili limezidi," anasema, na anafuta mwenyewe.

Majani yakilingana, sawa. Yasipolingana hakuna cha kufananisha: nusu ya debe si nusu ya pishi, na mtoto anayetumwa dukani analijua hilo kabla ya kulisoma.

Na pishi yenyewe ni somo zima. Pishi ni visaga viwili, kisaga ni vibaba viwili. Mwezi wa Ramadhani unapoisha, mtoto anaona nyumbani wakipima zaka ya fitri, pishi moja kwa kila kichwa. Kisaga kimoja au vibaba viwili, nusu au robo mbili, mchele ni uleule. Bibi anayepima hajawahi kuandika 1/2 = 2/4, ila mkono wake unaijua. Mwalimu hodari anaanzia kwenye mkono huo.

Lugha yetu nayo imemtangulia. Nusu, robo, thuluthi, sudusi, thumni: haya ni majina tuliyoishi nayo pwani karne nyingi, na mahali yanapotajwa kwa uangalifu mkubwa kuliko pote ni penye mirathi. Mtu akifa akaacha mjane, mama na mtoto mmoja wa kiume, mjane ana thumni na mama ana sudusi. Nane na sita hazikai chungu kimoja. Anayegawa hutafuta namba inayozibeba zote mbili, ambayo wanazuoni huiita asili ya mas'ala, na darasani tunaifikia kwa kigawe kidogo cha shirika: 24. Nimefurahi kila nilipoliona neno asili likikaa chini ya mstari wa sehemu na pia katika mizani ya urithi. 1/8 inageuka 3/24, 1/6 inageuka 4/24. Hakuna aliyepunjwa wala aliyeongezewa. Haki zimepewa jina moja tu ili zihesabike pamoja.

Kwa hiyo mwalimu anachora ubaoni minazi 24, safu nne za sita sita. Kila nyumba humu ina mnazi au inapakana na mwenye nao, na hakuna anayeuliza somo hili la nini. Msichana wa robo mbili anatoka mbele na chaki. Anazungushia mitatu ya mjane, minne ya mama, kisha anarudi kuhesabu iliyobaki, ya mtoto, akigusa mmoja mmoja.

"Kumi na saba, Mwalimu."

Nyuma ya darasa, yule mvulana bado ana jani lake lililopakwa nusu. Hajaagizwa na mtu. Analikunja mara tatu, analikunjua juu ya goti, na midomo yake inahesabu vipande vya mkaa: moja, mbili, tatu, nne.