Rangi ya Pakiti na Hatari ya Mkasi

Mama anatoka dirisha la dawa pale Miono, mkoani Pwani, mtoto mgongoni. Mkononi ana bahasha ndogo ya karatasi iliyoandikwa kwa kalamu: 1×3. Kwa mtoa dawa, hiyo ni kidonge kimoja kutwa mara tatu. Mama akifika nyumbani anaweza kuisoma kidonge kimoja kwa siku tatu, au vidonge vitatu kwa mpigo. Maandishi ni yaleyale, lakini kila maana ina dozi yake.

Tatizo hilo lilizidi uzito mwishoni mwa 2006, Tanzania ilipoanza kuachana na dawa ya malaria ya SP na kuingia kwenye dawa mseto, ALu. SP ilimezwa mara moja, basi. Mseto humezwa mara sita ndani ya siku tatu: dozi ya pili saa nane baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Tena kidonge ni kilekile, miligramu 20 za artemeta na 120 za lumefantrini, ila idadi yake hutegemea kilo za mgonjwa. Hesabu kama hiyo haienei kwenye 1×3.

Jibu lilikuwa kuipeleka hesabu kiwandani. Zikatengenezwa pakiti nne, kila moja na rangi yake. Ya njano ina vidonge 6, ni ya mtoto wa kilo 5 hadi 14. Zinafuata za vidonge 12 na 18, halafu ya kijani yenye 24, kwa mwenye kilo 35 na kuendelea. Michoro huonyesha vidonge vya kila dozi, asiyejua kusoma naye afuate. Kazi ya mtoa dawa ikabaki kupima uzito na kuchagua rangi. Nyumbani nako, vishimo vilivyopasuliwa humwonyesha mama ni dozi ngapi zimemezwa na ngapi zimebaki.

Mpango huu una adui mmoja: mkasi. Pakiti za njano zikiisha, mtoa dawa huchukua ya kijani na kuikata vipande vinne vya vidonge sita sita. Idadi iko sawa, mtoto hakukosa dawa. Lakini maelekezo yamekatika pamoja na pakiti, na mchoro uliosalia ni wa mtu mzima anayemeza vidonge vinne kwa mara moja. Kipande kinaingia kwenye bahasha ya karatasi, kalamu inatoka tena, na tumerudi tulikoanzia.

Kwa hiyo lebo nzuri inahitaji ghala lenye mzigo. Mwaka 2009 na 2010, mradi wa SMS for Life ulijaribiwa Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Kila wiki wahudumu wa vituo 129 walituma kwa simu idadi ya dawa za malaria walizonazo, kila pakiti na hesabu yake, ili waongezewe zinapopungua. Vituo vilivyoishiwa angalau aina moja ya dawa hizo vilikuwa asilimia 78 mwanzoni. Baada ya wiki 21 vilibaki asilimia 26. Kila pakiti iliyofika kwa wakati iliepusha mkasi.

Mtoa dawa, hasa wewe wa duka la dawa muhimu: ukilazimika kukata, andika kwa maneno na kwa saa zetu. "Leo saa 2 asubuhi kidonge 1, saa 10 jioni kidonge 1. Kesho na keshokutwa, saa 2 asubuhi 1, saa 2 usiku 1. Apewe na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa." Ni nusu dakika ya kalamu.

Nawe mzazi, usiondoke dirishani kabla hujamweleza mtoa dawa, kwa maneno yako mwenyewe, utakavyompa mtoto dawa hiyo. Mkipishana hata kidonge kimoja, rekebisheni palepale.