Fumbo la Nasaba ya Jon Snow

Katika hadithi za mashujaa ni machache yaliyo makongwe kama habari ya mtoto wa kifalme aliyelelewa pasipo kumjua mzazi wake. Oedipus wa Wayunani alikulia Korintho akidhani kuwa mfalme wa huko ndiye baba yake. Arthur wa Waingereza alilelewa katika nyumba ya watu hata siku alipochomoa upanga katika jiwe. Basi si ajabu kwamba George R. R. Martin, mtungaji wa Marekani, alipotoa riwaya yake A Game of Thrones mwaka 1996, wasomaji walimkazia macho kijana mmoja aliyeitwa mwanaharamu, wakauliza: huyu ni mwana wa nani?

Kijana huyo ni Jon Snow. Eddard Stark, bwana wa Winterfell, alirudi vitani na mtoto mchanga, akasema kuwa ni wake, na habari za mama wa mtoto akazifungia kifuani. Mwaka 1997 wasomaji walikuwa wamekwisha toa jawabu lao: Jon si mwana wa Eddard, bali ni mwana wa Lyanna, dada yake, aliyezaa na Rhaegar Targaryen, mrithi wa mfalme aliyepinduliwa.

Jawabu hilo halikuwa la kubahatisha. Lyanna alikufa katika chumba kilichonuka damu na mawaridi, akimwomba kaka yake ahadi ambayo riwaya haiitaji. Katika ndoto ya Eddard, askari watatu wa kumlinda mfalme wamesimama mbele ya mnara, hali mfalme wao amekwisha uawa na vita vimekwisha. Kama hapakuwa na mrithi, walimlinda nani? Rhaegar ndiye aliyemvika Lyanna taji la mawaridi ya buluu hadharani. Na katika kitabu cha pili, cha mwaka 1998, Daenerys aliona katika njozi ua la buluu likichanua katika ukuta wa barafu. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Mwaka 2016 mchezo wa televisheni uliotokana na riwaya hizo ulilithibitisha jawabu hilo, ingawa katika vitabu vitano vilivyotoka hadi mwaka 2011 mtungaji mwenyewe hakulitamka.

Lakini mahali wasomaji wengi walipokomea ndipo uhakiki ulipopaswa kuanza. Mwenye kujua mtoto ni wa nani hajajua bado kwa nini alifichwa. Wengi walilishika jawabu kama hati ya urithi: Jon ni mwema kwa kuwa ni mwana wa mfalme, na kiti cha enzi ni haki yake. Riwaya yenyewe haikubaliani nao. Katika kitabu cha tatu, cha mwaka 2000, Stannis anamwahidi Jon jina la Stark na ubwana wa Winterfell, naye anakataa. Katika kitabu hicho hicho Walinzi wa Usiku wanamchagua kwa kura awe mkuu wao, nao wanamhesabu kuwa ni mwanaharamu tu. Heshima aliyoipata ilitangulia nasaba yake kujulikana, wala haikuitegemea.

Siri hiyo, ikitazamwa vema, haimwinui mtoto bali humwinua aliyeificha. Watoto wawili wa Rhaegar waliuawa mji mkuu ulipotekwa, na Robert, rafiki wa Eddard aliyetwaa ufalme, hakuwahuzunikia. Kumtaja Jon kwa jina la baba yake kungekuwa kumkabidhi kwa upanga. Kwa hiyo mtu aliyejulikana kwa heshima kuliko wote alijitwika aibu ya uzinzi ambao hakuutenda, akavumilia hasira ya mkewe na maswali ya rafiki yake, hata akafa pasipo kujitetea. Na alikufaje? Alisimama mbele ya umati akakiri uhaini ambao hakuutenda, ili binti yake Sansa apone. Mara mbili alijishuhudia uongo, na mara zote mbili bei ya uongo huo ilikuwa uhai wa mtoto. Msomaji aliyelifumbua fumbo la mama wa Jon ndiye awezaye kuona kwamba ungamo lile la mwisho halikuwa kuvunjika kwa heshima ya Eddard. Lilikuwa desturi yake ya zamani.

Mchezo wa televisheni ulipomalizika mwaka 2019, nasaba ya Jon ilikuwa imeleta fitina kati yake na Daenerys, wala haikumpa kiti, alirudishwa kaskazini. Waliongoja taji walinung'unika. Hata hivyo kitendawili hakikuwa bure. Kiliwafundisha watu kusoma neno kwa neno, na kukumbuka ua lililotajwa mara moja tu. Kilichobaki ni kuhamisha jicho lile lile kutoka kwa damu na kulielekeza kwa tendo. Kwani nasaba mtu huikuta, bali ahadi huitimiza mwenyewe.